Mwanga wa Kiingereza: nani alilipa?



Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani na mudogo wangu ambaye anajitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza. Courant ilikuwa imeenda tangu saa kumi na mbili ya jioni, basi alikuwa anasoma na toroshi ya simu. Mwalimu alikuwa amewapa orodha ya kukariri: "bright light", "dim light", "harsh light", "candlelight", "gaslight", "limelight", "broad daylight". Maneno mawili mawili, yote ya mwanga, kila moja na tafsiri yake ya Kifaransa pembeni. Alipofika kwa "limelight" akasimama.

"Yaya, hii iko mwanga ya ndimu?"

Nilicheka. Nikamwambia haiko ndimu, maana yake ni kuwa mbele ya watu, kuwa maarufu. Lakini hakuachia hapo. "Sasa, kama haiko ndimu, njo nini? Na mutu maarufu anaingia wapi mule ndani?"

Swali lake njo limenifanya niandike leo. Sisi wengi tulijifunza Kiingereza kwa orodha kama ile. Tulikariri, tukapata cote nzuri, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba nyuma ya maneno hayo mengi kuna taa ya kweli, ambayo mtu aliiwasha na mtu aliilipia. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na nimefika hapa: neno linakumbuka taa, lakini linasahau nani alilipa. Na mara mbili, vile tutaona mbele, waliolipa walikuwa huku kwetu.

Twende polepole.

1. Buji

Kabla ya miaka ya 1800, usiku wa Uingereza haukuwa tofauti sana na usiku wa vijiji vyetu. Kulikuwa na mwezi, moto wa jikoni, taa ya mafuta, na mshumaa, ule sisi tunaita buji. Buji nzuri za nta ya nyuki zilikuwa za matajiri na za makanisa. Maskini alitumia buji ya mafuta ya ng'ombe au kondoo, yenye moshi na harufu mbaya. Na serikali ilikuwa imetia mkono pale pia: kuanzia 1709 mpaka 1831 kulikuwa na kodi juu ya mishumaa, na mtu hakuruhusiwa kujitengenezea yake nyumbani bila leseni na bila kulipa.

Kwa hiyo kila jioni watu walipiga hesabu: hii kazi inastahili kuchoma buji? Ndiyo asili ya msemo "the game is not worth the candle". Sisi tuliosoma Kifaransa tunaujua, kwa sababu Waingereza waliuchukua kule: "le jeu n'en vaut pas la chandelle". Watu wamekaa wanacheza karata za pesa usiku, lakini pesa iliyo mezani ni kidogo kuliko bei ya buji inayowaka. Afadhali kulala.

Kuna msemo mwingine: "he cannot hold a candle to her". Maana yake, huyu hafiki hata karibu na yule. Kwa nini kushika mshumaa? Kwa sababu kushika mshumaa ilikuwa kazi ya mtu wa chini kabisa. Fundi anafanya kazi, mwanafunzi wake anamshikia taa. London, kabla ya taa za barabarani, kulikuwa na watoto wa kiume wenye kubeba mienge usiku, wanatembea mbele ya matajiri ili wasijikwae katika matope, na wanalipwa sarafu ndogo. Ukisema mtu hawezi hata kukushikia mshumaa, umesema hafai hata kwa kazi ya mtoto yule.

Buji ikawa hata kipimo. Sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860 iliweka kipimo cha mwanga kinachoitwa "candlepower", nguvu ya mshumaa mmoja. Lakini si mshumaa wowote. Ulipaswa kutengenezwa na spermaceti, yaani nta inayotoka kichwani mwa nyangumi mkubwa, na ulipaswa kuchoma gramu karibu 8 kwa saa moja. Fikirini: ili kupima mwanga wa mtaa wa London, mabaharia walikwenda kuua nyangumi katika bahari za mbali. Leo kipimo cha kimataifa kinaitwa "candela", na hilo ni neno la Kilatini lenye maana ileile ya mshumaa. Ukisoma nguvu ya taa ya LED, ndani ya hesabu ile kuna kivuli cha buji.

2. Chokaa

Sasa tumjibu mudogo wangu. "Lime" ni neno lenye maana mbili. Moja ni ndimu. Nyingine ni chokaa, ile ya kupaka ukuta, ile sisi tunaita chaux. "Limelight" ni mwanga wa chokaa.

Katika miaka ya 1820, Mwingereza mmoja kutoka Cornwall, Goldsworthy Gurney, alikuwa anafanya majaribio ya kuchanganya oksijeni na haidrojeni ili kupata moto mkali sana. Ukielekeza moto huo kwenye kipande cha chokaa, chokaa haiyeyuki haraka. Inakuwa nyeupe na kutoa mwanga wa kuumiza macho. Thomas Drummond, afisa Mskoti aliyekuwa anapima ramani ya Irlandi, aliona faida yake. Mwaka 1825 mwanga wake uliowashwa juu ya mlima mmoja ulionekana juu ya mlima mwingine, zaidi ya kilometa 100. Ni karibu kama mtu awashe taa Lubumbashi na wewe uione ukiwa Likasi.

Miaka kumi na miwili baadaye, 1837, mwanga wa chokaa uliingia katika ukumbi wa michezo wa Covent Garden, London. Watu wa teatri waliupenda, maana sasa waliweza kumfuata mchezaji mmoja na duara la mwanga na kuwaacha wengine gizani. Njo pale mtu maarufu anaingia. Kuwa "in the limelight" ni kuwa ndani ya duara lile la chokaa.

Lakini kila taa ile ilihitaji mtu wake. Alikaa juu, pembeni ya jukwaa, karibu na moto wa zaidi ya digrii 2,000. Alizungusha kipande cha chokaa kila mara ili kisitobolewe na moto, na alichunga gesi mbili ambazo zikichanganyika vibaya zinalipuka. Kila usiku alimwangazia mwingine. Yeye hakuna aliyemwona. Mwisho wa karne ya 19 taa za umeme zilichukua nafasi yake, kazi ikaisha, neno likabaki. Leo tunalitumia kwa wanamuziki na wanasiasa, na yule mtu wa juu hayumo ndani ya maana.

3. Gesi

Neno la tatu siku hizi liko kila mahali, hata katika mabishano ya wapenzi kwenye WhatsApp: "gaslighting". Kamusi ya Marekani ya Merriam-Webster ililichagua kuwa neno la mwaka 2022. Watu wanasema "ananigaslight" bila kuuliza gesi inatoka wapi.

Inatoka katika makaa ya mawe. Mwaka 1792 William Murdoch aliwasha nyumba yake kule Redruth, Cornwall, kwa gesi iliyopikwa kutoka makaa ya mawe. Mwaka 1807 taa za gesi ziliwashwa katika mtaa wa Pall Mall, London, na mwaka 1812 kampuni ya kwanza ya kuuza gesi kwa mji ilipata hati ya mfalme. Ndani ya miaka michache usiku wa London ulibadilika. Watu walitembea mpaka saa nyingi, maduka yalifunguliwa usiku, na viwanda pia viliongeza masaa. Mwanga mpya ulimaanisha pia kazi ndefu zaidi kwa mfanyakazi.

Sasa, gesi ya nyumba ilipita katika mifereji. Ukiwasha taa moja ya ziada chumba kingine, presha inapungua, na taa zilizokuwa zinawaka zinashuka kidogo. Mwandishi Patrick Hamilton aliujua ukweli huo wa kila siku, na mwaka 1938 mchezo wake Gas Light ulionyeshwa Uingereza. Bwana mmoja anapanda kisiri juu ya nyumba usiku, anawasha taa kule, anatafuta vito vilivyofichwa. Chini, bibi yake anaona taa inashuka. Anamwambia. Bwana anajibu kwamba ni kichwa chake kinaharibika. Mwaka 1944 ilitoka sinema ya Marekani ya hadithi hiyo, na Ingrid Bergman akapata Oscar kwa kuigiza yule bibi.

Wanafunzi wa Ulaya wa leo wanapata shida kuelewa kwa nini taa ya chini ilishuka. Sisi hatuna shida. Nani kati yetu hajaona taa ya nyumba inakuwa nyekundu kama kaa la moto kwa sababu jirani amechomeka mashine ya kusudia milango? Tunasema "courant imeshuka" na tunajua mara moja kwamba kuna mtu fulani, mahali fulani, anavuta. Yule bibi aliona sawa. Taa ilikuwa ushahidi wake. Na uzito wa neno uko pale: ubaya wa "gaslighting" si uongo peke yake, ni kumfanya mtu aache kuamini kitu ambacho macho yake yameona.

4. Mchana kweupe

Mbele ya kuendelea, tahadhari moja, kwa sababu hii ni historia na si hadithi za usiku. Kuna msemo "daylight robbery", wizi wa mchana, ambao Waingereza wanautumia kwa bei ya kupita kiasi. Mtawasikia watu wengi wakisema ulitoka kwenye kodi ya madirisha. Kodi yenyewe ilikuwa ya kweli: kuanzia 1696 mpaka 1851 Waingereza walilipa kodi kufuatana na idadi ya madirisha, na wengi walijenga matofali ndani ya madirisha yao ili kuikwepa. Mpaka leo ukitembea katika miji ya kale ya Uingereza unaona madirisha yaliyozibwa. Eti serikali iliiba mwanga wa mchana, ndiyo "daylight robbery".

Hadithi tamu, lakini haisimami. Maana hiyo ya bei kubwa inaonekana katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 20, miaka mingi baada ya kodi kuondolewa. Asili yake iko wazi zaidi: mwizi anayeiba mchana hana hata haya ya kujificha. Sisi tunasema "mchana kweupe". Mfaransa anasema "en plein jour", mchana uliojaa. Mwingereza anasema "broad daylight", mchana mpana. Weupe, ujazo, upana: lugha tatu, jua moja, na kila moja imelipima kwa kipimo chake. Ndiyo maana ukitafsiri neno kwa neno unaanguka. Hakuna Mwingereza anayesema "white daylight".

Naleta mfano huu ili tukubaliane juu ya njia ya kazi: kabla ya kuunganisha neno na historia, angalia tarehe. Na sasa, tarehe mkononi, turudi nyumbani.

5. Giza walilotupatia

Wakati London inawaka gesi, Waingereza walikuwa na maneno mengine mawili, haya ya giza, na waliyaweka juu yetu. Henry Morton Stanley alivuka bara kuanzia 1874, akafuata mto wetu, akafika Boma mwezi wa nane 1877. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chenye jina Through the Dark Continent. Mwaka 1890 akatoa kingine, In Darkest Africa. "Bara la giza". Mwaka uleule wa 1890, William Booth, aliyeanzisha Jeshi la Wokovu, alijibu kwa kitabu alichokiita In Darkest England, akiwaonyesha wenzake kwamba giza la njaa na umaskini liko pia kwao, mlangoni. Lakini maneno yaliyobaki katika vichwa vya watu ni yale ya Stanley.

Shikeni hilo. Maana katika miaka iliyofuata, bara hili la giza lilitoa vitu viwili vyenye majina ya mwanga.

6. Jua ndani ya sabuni

"Sunlight" ni neno la kawaida kabisa: "sun" na "light", mwanga wa jua. Mwaka 1884 William Lever, mtoto wa mwenye duka la vyakula kaskazini mwa Uingereza, alichukua neno hilo akalifanya jina la sabuni. Zamani mwenye duka alikata sabuni kutoka kipande kirefu na kuipima. Lever aliiuza ikiwa imekatwa na kufungwa katika karatasi yenye jina. Watu waliipenda. Kuanzia 1888 alijenga kiwanda na mji wa wafanyakazi wake karibu na Liverpool, akauita Port Sunlight, bandari ya mwanga wa jua. Nyumba nzuri, bustani, shule. Mpaka leo watalii wanakwenda kuutazama.

Sabuni inahitaji mafuta, na mafuta ya ngazi yalikuwa mazuri kwa kazi hiyo. Mwezi wa nne 1911 Lever alitia sahihi mapatano na serikali ya Ubelgiji. Kampuni ya Huileries du Congo Belge ikazaliwa. Ilipewa maduara matano juu ya ramani ya Kongo, kila moja na nusu-kipenyo cha kilometa 60, na haki ya kufikia hekta 750,000. Kituo kimoja katika Kwilu kiliitwa Leverville. Leo ni Lusanga. Kingine kiliitwa Elisabetha. Leo ni Lokutu. Kingine Alberta, leo ni Ebonda, kule upande wa Bumba.

Wakataji wa ngazi walipanda miti mirefu na mkanda kiunoni. Wengi hawakuja kwa kupenda. Kulikuwa na kodi ya kulipa kwa pesa, kulikuwa na wakubwa wa utawala waliosaidia kukusanya watu, kulikuwa na adhabu. Mwaka 1931 bei ya matunda ya ngazi ilikuwa imeanguka lakini kodi ilibaki, na Wapende wa Kwilu wakaasi. Mbelgiji mmoja wa serikali, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi likatumwa, na Wapende waliouawa walihesabiwa kwa mamia.

Lever mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1925, na kampuni yake ilikuwa imeingia katika muungano ulioitwa Unilever. Sabuni iliendelea kuuzwa. Ukifungua kamusi, "sunlight" ni mwanga wa jua basi. Kamusi haisemi uongo. Lakini kati ya Port Sunlight yenye bustani na Leverville yenye mikanda ya kupanda ngazi kulikuwa na safari moja ya mafuta, na neno lile zuri lilipigwa juu ya mwisho wa safari peke yake.

7. Yenye kung'ara gizani

La pili ni "glow in the dark". Watoto wetu wanalisoma leo juu ya nyota za plastiki za kubandika ukutani.

Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie waligundua radiamu huko Paris. Muda si mrefu ilijulikana kwamba ukiichanganya na kemikali fulani ya zinki unapata rangi inayong'ara gizani bila moto na bila umeme. Wakati wa Vita ya kwanza ya dunia, askari walihitaji saa za kusoma usiku. Kampuni moja ya Marekani ilitengeneza rangi hiyo na kuiita "Undark": "dark" ni giza, na "un" inalitoa. Kuondoa giza. Wasichana wa Orange, jimbo la New Jersey, walipaka namba za saa kwa burashi ndogo, na walifundishwa kunyoosha ncha ya burashi kwa midomo. Walimeza radiamu kidogo kidogo. Meno yakaanguka, mifupa ya taya ikaoza, wengine wakafa. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne walishitaki kampuni, na 1928 ikakubali kuwalipa.

Ile rangi ya mwanzo ilitoka katika madini ya Colorado, si ya kwetu. Tuseme ukweli wote. Lakini mwaka 1915 ilikuwa imegunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, uraniamu tajiri kupita ile yote iliyojulikana wakati ule. Union Minière ilipeleka mawe yake mpaka Olen, Ubelgiji, na kuanzia 1922 kiwanda cha kule kilitoa radiamu. Bei ya dunia ilishuka, migodi ya Marekani ikafungwa, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka katika udongo wa Katanga. Radiamu ile ilikwenda katika mahospitali, na ilikwenda pia katika saa, katika vipimo vya ndege, katika kila kitu chenye "glow". Baadaye uraniamu ya palepale ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumika katika bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mwanga mkali kuliko wote ambao wanadamu walikuwa wamewasha juu ya mji.

Majina ya wasichana wa New Jersey yako katika vitabu na katika karatasi za kesi yao, na ni haki yao. Majina ya wachimbaji wa Shinkolobwe, waliobeba mawe yale kwa mikono, mimi sikuwahi kuyasikia katika darasa lolote, na nilisoma si mbali na pale.

8. Tufanye nini na orodha?

Sisemi tuache kukariri. Mtihani ni mtihani, na mudogo wangu lazima ajue kwamba tunasema "dim light" na si "small light", "bright light" na si "big light". Kiingereza hakitamhurumia kwa sababu anajua historia.

Lakini neno lililokaririwa bila taa yake linatoka kichwani siku tatu baada ya mtihani. Neno lenye taa yake linabaki. Tangu usiku ule, mudogo wangu hatasahau "limelight", maana sasa anamwona yule mtu juu ya jukwaa anazungusha chokaa. Kwa hiyo, wale kati yetu wanaofundisha, na najua tuko wengi, nawaomba jambo dogo. Mukitoa orodha, chagueni neno moja tu na muulize maswali matatu: ilikuwa taa gani? Nani aliiwasha? Nani aliilipia? Dakika kumi zinatosha.

Tena kuna jambo la pili, na hili linanichoma zaidi. Waingereza wana maneno haya kwa sababu waliyaandika. Mchezo wa teatri, sheria ya gesi, tangazo la sabuni, vyote vilibaki katika karatasi. Sisi pia tuko na maneno yetu ya mwanga, yaliyozaliwa katika kazi na katika mitaa: mbalamwezi, giza totoro, jua kali, na ile kelele ya watoto wa mtaa mzima, "courant imerudi!", ambayo hakuna kamusi iliyoiweka bado. Na tuko na wazee waliofanya kazi ndani ya migodi, kwenye reli, katika mashamba ya ngazi. Walikuwa na taa zao, na walikuwa na majina ya taa hizo, kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa Kiluba, kwa Kipende. Wakiondoka, majina yanaondoka nao, na baada ya miaka mia hata mtu mwenye nia njema hatapata tarehe ya kuangalia.

Basi, kama nyumbani kwenu kuna mzee wa namna hiyo, muketi naye jioni moja. Muulizeni: baba, kule chini mulikuwa munatumia taa gani? Mulikuwa munaiitaje? Nani alikuwa anaibeba? Muandike jibu lake na mulilete hapa. Mimi nitaanza na mujomba wangu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye reli. Nimeshamuuliza neno la kwanza kwa simu. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema: "Ile taa? Karibu nilisahau jina yake. Kuja nyumbani, nitakueleza."

Jumamosi nitaenda, na daftari mkononi.